Saa ya Kuhesabu Hatua kwa Kijana Mwenye Mtindio wa Ubongo: Kuivalisha, Kuijaribu na Kuisoma

Wiki haipiti bila mzazi kunitumia picha ya kioo cha saa. "Daktari, imeandika hatua 340 tangu asubuhi, na mtoto alikuwa shule siku nzima. Imeharibika?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ila Nairobi hii yeyote anayenyoosha mguu wa mtoto huitwa daktari, nami nilishaacha kubishana. Jibu langu huwa lile lile: saa ni nzima, imevalishwa pasipo pake. Waliozitengeneza saa hizi walimfikiria mtu anayetembea huku mikono ikipunga kwa zamu. Kijana wako mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy) huenda mkono mmoja umejikunja kifuani, au yote miwili imeshika fremu ya kutembelea, au anaburura miguu polepole hata kifaa kisihisi kishindo.

Kwa kuwa maswali ni yale yale, nimeyaweka majibu mahali pamoja. Kama una haraka, nenda moja kwa moja hatua ya 5, halafu urudi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Saa au bangili ya mazoezi. Kwa kazi ya nyumbani, ya bei ya chini inatosha, na maduka ya Luthuli Avenue yamejaa. Tafuta ile ambayo kidude chake huchomoka kwenye mkanda, kwa sababu utakihamisha. Mwambie muuzaji aiwashe na aiunganishe na simu yako ukiwa hapo hapo kaunta, utembee mle dukani uone namba zikipanda, ndipo umtumie pesa.
- Mkanda wa pili ulio mrefu. Fundi cherehani wa mtaani atakushonea wa elastiki na velkro kwa dakika kumi.
- Soksi ndefu za pamba.
- Simu yenye blutuuthi, iliyo ya mzazi. Programu nyingi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe.
- Daftari la shule na kalamu. Usilidharau daftari, nitaeleza.
- Daraja la kijana katika GMFCS, kipimo cha uwezo wa kutembea na kujongea. Kipimo hiki kilitolewa mwaka 1997 na Robert Palisano na wenzake katika kituo cha CanChild, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Kina madaraja matano: wa daraja la I anatembea na kukimbia bila msaada, wa III anatembea kwa fremu au mikongojo, wa V husukumwa kwenye kiti karibu kila mahali. Kama halijaandikwa kwenye faili lake, uliza kliniki anakofanyia mazoezi.

Tahadhari tatu, na hizi si za kurukwa. Kwanza, kijana aliyewahi kuwa na kichwa maji na akawekewa shanti (mrija wa kutoa maji kichwani): kuna shanti ambazo valvu yake hurekebishwa kwa sumaku, na chaja au mikanda mingi ya saa ina sumaku. Uliza hospitali alikofanyiwa upasuaji kabla ya kununua, maana mtoto hulala akiwa ameweka mkono chini ya kichwa. Pili, vile vidude vya kubana kiunoni vyenye betri ya kifungo: kama kifuniko hakina skrubu, kiache dukani. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuchoma umio ndani ya saa mbili. Tatu, saa ya mazoezi haimlindi kijana mwenye kifafa. Endelea na dawa na uangalizi kama kawaida.

Hatua ya 1: Mwulize mwenye mwili

Wazazi wengi huifunga saa kama wanavyofunga splinti (kile kifaa cha plastiki cha kushikilia mguu au mkono), bila neno. Kijana wa miaka 14 si wa kufungwa kitu kimya kimya. Mweleze saa inahesabu nini, nani ataona namba, na kwamba anaweza kuivua. Asiyezungumza (kimataifa inakadiriwa kuwa mmoja kati ya wanne wenye mtindio wa ubongo hazungumzi) ana njia yake ya kukataa: hukunja uso, huvuta mkono, hugeuka. Hiyo ni hapana kamili.

Mvulana mmoja niliyemhudumia aliikataa ile ya mguuni kwa sababu wenzake darasani walisema amefungwa kama mfungwa. Tukaishusha ndani ya soksi ndefu ya sare. Akavaa wiki nzima, na hakuna aliyejua. Soksi hiyo ina faida ya pili: kwenye matatu, kitu kisichoonekana hakinyakuliwi.

Zungumza na mwalimu pia. Shule nyingi haziruhusu saa zinazounganishwa na simu, kwa hiyo peleka barua fupi ya kueleza ni kifaa cha mazoezi. Simu yenyewe ibaki nyumbani. Saa haiihitaji mchana.

Hatua ya 2: Amua unataka kujua nini

"Nataka kujua kama ana afya" si swali ambalo saa inaweza kulijibu. Chagua moja kati ya haya: Je, anatembea zaidi siku za shule au za likizo? Je, splinti mpya zimemwongezea au zimempunguzia mwendo? Je, anakaa muda gani mfululizo bila kuinuka? Andika swali ukurasa wa kwanza wa daftari. Ukishindwa kuliandika, usinunue saa bado.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuivaa

Anatembea bila kushika kitu, pande zote mbili zikiwa karibu sawa: kiunoni, juu ya mfupa wa nyonga, ndiko kuzuri zaidi. Mkononi pia inafaa.

Upande mmoja ndio dhaifu: ivae mkono wenye nguvu. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni mama kuifunga mkono dhaifu "ili uanze kufanya kazi". Saa haitibu mkono. Ila kama swali lako ni kuhusu mkono wenyewe, zinatakiwa saa mbili za aina moja, kila mkono na yake, ulinganishe.

Anatumia fremu au mikongojo: kifundo cha mguu, upande ulio na nafuu, juu ya soksi na si juu ya ngozi (ukitaka kuificha, kunja soksi ndefu iifunike). Kama anavaa splinti, iwe juu kidogo ya mwisho wa splinti, isibanwe katikati ya plastiki na mfupa.

Anatumia kiti cha magurudumu: hesabu ya hatua haina maana kwake, isahau. Kama anajisukuma mwenyewe, saa ya mkononi itaonyesha walau dakika za kujishughulisha. Apple Watch ina mpangilio wa kiti cha magurudumu unaohesabu misukumo tangu 2016, lakini bei yake si mchezo, na kaka akimsukuma haihesabu kitu, kama inavyostahili. Kwa anayesukumwa wakati wote mimi hushauri daftari peke yake: dakika alizokaa nje ya kiti, dakika alizosimama kwenye fremu ya kusimamia, mara ngapi aligeuzwa mkao. Pesa ya saa inunue godoro zuri la mazoezi.

Ukialikwa kwenye utafiti, utapewa vifaa vingine: ActiGraph hufungwa kiunoni kwa elastiki, activPAL hubandikwa mbele ya paja na hutofautisha kukaa na kusimama. Hivyo kwa kawaida havionyeshi namba, na ndivyo inavyotakiwa. Fuata maelekezo ya watafiti, si yangu.

Hatua ya 4: Weka mipangilio

Hapa ni haraka. Weka urefu na uzito wa kweli wa kijana, si wako. Weka saa za Nairobi, maana ikiwa imebaki na majira ya ilikotengenezwa, siku itakatika kabla ya wakati wake na hesabu itaanza sifuri kijana akiwa bado macho. Chagua mkono wa kushoto au kulia kama programu inauliza. Zima milio yote, hasa ile ya "inuka utembee" kila saa. Kwa kijana ambaye kuinuka ni kazi ya watu wawili, ni dhihaka tu.

Zima ufuatiliaji wa mahali alipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Anayekuomba "nitumie tu neno la siri la akaunti", hata kama amevaa koti jeupe, mtumie picha ya namba badala yake.

Hatua ya 5: Jaribio la hatua mia

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inahitaji dakika ishirini.

Tafuta mahali pa tambarare penye nafasi: korido ya kliniki, uwanja wa kanisa, varanda ya ploti kabla nguo hazijaanikwa. Avae viatu na splinti zake za kila siku, ashike anachoshika kila siku. Soma namba kwenye saa, iandike. Atembee mwendo wake wa kawaida, nawe uhesabu kwa sauti kila mguu unapokanyaga, mpaka mia. Hata kama ni kwa mapumziko, hesabu iendelee ulipoishia. Soma namba tena. Rudia mara tatu, ikibidi siku tofauti, asichoke.

Wiki chache zilizopita nilifanya hivi na msichana wa miaka 13 anayetumia fremu ya magurudumu. Mkononi, baada ya hatua mia, saa ilisoma 9. Mama yake alicheka, kisha akanyamaza. Miezi miwili alikuwa akimwambia binti yake ni mvivu. Tukaihamishia kifundo cha mguu, ndani ya soksi. Ikasoma 47. Mama akauliza mbona bado ni nusu. Ni kwa sababu pale ilikuwa inahesabu mguu mmoja: mguu huo ulikanyaga mara 50, saa ikakamata 47. Mara mbili, ni 94. Hiyo ni saa nzuri. Tuliandika kwenye jalada la daftari kwa wino mwekundu: ZIDISHA MARA MBILI.

Sasa soma majaribio yako matatu hivi (kama saa iko kifundoni na inahesabu mguu mmoja, zidisha mara mbili kwanza):

- 95, 92, 97: vizuri, endelea.
- 61, 60, 63: saa inapunja, lakini inapunja kwa kipimo kile kile. Usiitumie kumlinganisha na mtu mwingine. Kumlinganisha na yeye mwenyewe, wiki hii na ijayo, inafaa.
- 20, 85, 48: hii haifai hata kidogo. Hamisha mahali, ujaribu upya. Ikikataa kote, irudishe dukani au mpe shangazi.

Bado jaribio la kinyume. Akae dakika kumi akitazama televisheni au akila, nawe uone kama namba inapanda. Kijana ambaye mikono au mwili wake hujinyonganyonga bila kupenda anaweza kuandikiwa hatua nyingi hajainuka kitini. Kwake mkononi hapafai, jaribu kiunoni. Na kama huenda shule kwa matatu au bodaboda, soma namba mkipanda na mkishuka. Barabara yenye mashimo inaweza "kutembea" kwa niaba yake, na hatua hizo utazitoa kila siku ya shule.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza, usiguse kitu

Avae siku saba, kuanzia kuamka hadi kulala, akivua wakati wa kuoga. Watafiti wengi huridhika na siku nne, mojawapo ikiwa Jumamosi au Jumapili, kila siku ikiwa na walau saa nane hadi kumi za kuvaliwa. Chini ya hapo, siku hiyo usiihesabu. Saa iliyolala kabatini nayo huandika hatua sifuri.

Usimhimize atembee zaidi wiki hii. Funika kioo kwa kipande cha plasta. Siku ya kwanza karibu kila kijana huzunguka nyumba kama askari wa doria akitazama namba, kwa hiyo mimi siku hiyo huitupa.

Jioni vua, tazama ngozi. Alama nyekundu inayopotea ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Isiyopotea, au malengelenge, mpumzishe na ulegeze mkanda au uhamie upande mwingine. Kidole chako kimoja kipite chini ya mkanda bila kulazimishwa.

Chaji kwa saa ile ile kila siku, wakati wa kuoga kwa mfano. Stima za mtaa wenu unazijua. Usingoje asilimia tano ndipo uanze kutafuta chaja.

Hatua ya 7: Daftari

Namba bila daftari ni kelele. Kila siku mistari mitatu inatosha: ilivaliwa na kuvuliwa lini, nini kilitokea (mvua, homa, mazoezi ya kliniki, harusi), na alisemaje kuhusu uchovu au maumivu. Hilo la maumivu usiliruke. Watatu kati ya wanne wenye mtindio wa ubongo wanaishi nayo kwa namna fulani, na hatua zikishuka ghafla, mara nyingi nyonga au goti ndilo la kwanza kuulizwa, kabla ya kusema kijana amekuwa mzembe.

Jambo moja ambalo vitabu vya kigeni havitakuambia: andika saa kwa namna moja. Saa inaonyesha 09:00, mama anaandika "saa tatu", na mimi nikisoma "saa 3" kando ya jedwali la kompyuta natafuta mwendo saa tisa alasiri. Niliwahi kutumia nusu ya asubuhi nikishangaa kijana aliyeonekana kucheza mpira usiku wa manane, kumbe ilikuwa saa sita mchana. Nakili namba zilizo kwenye kioo kama zilivyo, basi.

Hatua ya 8: Weka lengo linalomtosha yeye

Tupa hatua elfu kumi. Namba hiyo haikutoka hospitali. Ilitoka kwenye kifaa cha Kijapani cha mwaka 1965 kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, na ilikuwa jina zuri la kuuzia. Kijana mwenye mtindio wa ubongo anaweza kutumia nguvu mara mbili au hata mara tatu ya mwenzake kwa mwendo ule ule. Hatua zake elfu tatu zina jasho ambalo saa haijui kulipima.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataja wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutosha kupandisha pumzi kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na wenye ulemavu wamo. Linasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko bila. Mimi huanza na wastani wa wiki ya kwanza, naongeza sehemu moja ya kumi, tunakaa hapo wiki mbili. Kama wastani ulikuwa 2,000, lengo ni 2,200: ni kama kwenda mara moja zaidi dukani na kurudi. Lengo achague yeye litimizwe wapi. Wengine wanapenda Jumamosi Uhuru Park, wengine ngazi za ploti wakiwa na mtu wa kuwashika.

Usilinganishe Agosti na Juni. Likizo ni mwendo mwingine kabisa, na masika ya Machi hadi Mei, tope likiwa limeshika magurudumu ya fremu, ni mwingine tena.

Mambo yanapokwenda kombo

*Namba haifiki kwenye simu.* Zima blutuuthi, iwashe, fungua programu ukiwa umeishika saa karibu. Fanya hivi kila jioni mbili au tatu. Vifaa vingi hutunza maelezo ya kila dakika kwa siku chache tu, kisha huyafuta.

*Saa inasema alilala saa 14, na alikuwa macho.* Kutulia kitini huichanganya. Inadhani ni usingizi. Puuza sehemu ya usingizi, usiibebe kliniki.

*Mapigo ya moyo yanaruka au hayasomi.* Mkanda umelegea, au mkono unakakamaa na kutikisika. Ile taa ya kijani inataka kugusa ngozi bila kuyumba. Kama mapigo ndiyo unayoyahofia, mpeleke apimwe kwa kifaa cha hospitali.

*Hatua zilikuwa nzuri, zimeanguka nusu tangu Jumatatu.* Rudia hatua ya 5 kwanza. Splinti mpya, viatu vipya au sindano ya kulegeza misuli hubadili mwendo, na saa inaweza kuwa imepoteza kipimo chake. Kama jaribio bado ni zuri, basi ni kijana. Tafuta maumivu, kisha piga simu kliniki.

*Ameivua na hataki tena.* Iweke kabatini wiki moja bila hotuba. Daftari liendelee.

*Jumamosi imeandika hatua 14,000.* Mwulize mdogo wake alikuwa wapi, na mpira ulichezwa saa ngapi.